Mashika, huzuni, na matembezi ya siku ya posho

(Maneno haya yalisemwa na mama mmoja wa chama chetu ku mkutano wa wanachama wa mwezi wa sita, hapa Lubumbashi. Tumeyaandika sawa vile aliyasema, tumepunguza kidogo tu.)

 

Naona leo wengi mmekuja na makoti. Asubui hii mashika ilikuwa kali, niliona moshi unatoka mu kinywa changu. Watu wa Bulaya hawaaminiaka hiyo. Kule kazini nilikuwa nawaambia: kwetu Lubumbashi tuko juu, zaidi ya metre 1,200 juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba usiku hewa inashuka chini ya digri 10. Walicheka. Kwao Kongo ni joto tu, tangu kuzaliwa mpaka kufa.

Nimeomba nafasi niseme juu ya mstari mmoja mu ripoti ya feza. Mmeisoma. Kuna pesa ya wagonjwa, pesa ya kilio, pesa ya masomo ya watoto, mtaji wa wale wanaoanza biashara. Kisha, chini kabisa, kuna mstari mdogo: matembezi ya siku ya posho. Hiyo ni nauli ya bisi, maji, mikate, karanga, na kiingilio fasi wanapoomba kiingilio. Rafiki mmoja anayetusaidia aliandika barua, kwa heshima kabisa, akauliza kama hiyo pesa haingefaa kuongezwa ku pesa ya wagonjwa. Hata hapa kati yetu kuna waliosema: «Shiye tulirudia mikono mitupu, sasa tutaenda kuangalia nyama ku zoo?» Mwingine akashauri tuandike tu «usafiri», watu wasiulize. Mimi hapo nakataa. Tusifiche. Kama hatuwezi kueleza juu ya nini tunatembea, basi tuache kutembea.

Nitaanzia mbali, mnivumilie.

Niliishi Bruxelles miaka 11. Namna niliondoka na namna nilirudi, wengi mnajua, sitarudilia. Kazi yangu ilikuwa kusafisha maofisi. Kule, mwezi wa kumi na mbili, jua linatoka karibu saa tatu ya asubui, na kabla ya saa kumi na moja ya jioni limekwisha kuingia. Masaa 8 ya mwanga, si zaidi, na hiyo ni siku mawingu yanakubali. Mimi nilikuwa naingia kazini saa kumi na moja ya asubui, giza. Natoka mchana, narudi ku nyumba kulala, naamka, giza. Zilipita wiki nzima sijaona jua na macho yangu.

Miaka miwili ya kwanza nilivumilia, nilikuwa bado na furaha ya kufika. Mwaka wa tatu kitu kilinishika. Nalala masaa 12 na naamka nimechoka. Nakula mkate, viazi, makaroni, tena mkate, na sishibi. Nguo zikanibana. Simu ya mama yangu inalia, naiangalia tu mpaka inanyamaza. Ku kanisa walinambia kuna mtu nyumbani amenifunga. Nikaamini. Nilimfikiria wifi yangu, maskini, mtu ambaye hata kuku hajawahi kumfukuza. Leo namwomba samahani mbele yenu.

Daktari wa karibu na nyumba njo aliniuliza swali moja: «Hii ilianza mwezi gani?» Mwezi wa kumi na moja. «Na mwaka jana?» Nikafikiri. Mwaka jana pia, kidogo, mwezi wa kumi na moja. «Na inaisha wakati gani?» Mwezi wa ine. Akacheka kwa upole, akasema wifi yako hana kosa, kosa ni la Desemba.

Alinieleza, na mimi nawaeleza sawa vile nilisikia na vile nilisoma kisha. Huo ni ugonjwa unaojulikana. Mu mwaka 1984 daktari mmoja wa Marekani, Norman Rosenthal, pamoja na wenzake, waliuandika wakaupa jina. Mu mwili wetu kuna saa, na hiyo saa inarekebishwa na mwanga unaoingia mu macho, zaidi mwanga wa asubui. Mwanga ukikosa, saa inachelewa, mwili unafikiri bado ni usiku: usingizi mwingi, tamaa ya vyakula vya wanga, moyo mzito. Na taa ya nyumba haitoshi. Macho yanatudanganya, tunaona chumba kina mwanga wa kutosha, kumbe nje, hata siku ya mawingu, mwanga ni mara nyingi zaidi ya ule wa ndani. Njo maana madaktari wa kule wanatumiaka taa kali sana ya lux 10,000: unakaa mbele yake asubui dakika 30 hivi. Mimi niliazima moja. Ilinisaidia, sitasema uongo.

Lakini kilichonisaidia kuliko taa ni mama mmoja wa Bukavu aliyekaa ku etaji ya chini yangu. Siku ya Mungu, kisha misa, alikuwa anapanda na kugonga mlango wangu akiwa amekwisha kuvaa koti. Namwambia ingia, anakataa. «Nikiingia nitakaa, nikikaa na wewe utakaa. Vaa viatu.» Tulikuwa tunapanda tramu namba 44, inayopita mu pori la Soignes mpaka Tervuren. Pori kubwa, hektari zaidi ya 4,000, na mtu wa muji anafika kwa tiketi ileile ya kila siku. Miti mikubwa bila majani, udongo wa majani makavu, maji, bata. Tunatembea saa moja, tunakunywa chai ya ku chupa, tunarudi. Hakuna kilichonunuliwa. Siku za kwanza nilienda kwa kumwogopa yule mama, si kwa kupenda. Ilipofika kama mara ya tano, mimi njo nilianza kumngojea ku ngazi.

Hapo nimejifunza kitu ambacho madaktari pia wanakisema, na wanakitumia kama dawa. Mtu wa huzuni anasema: nitatoka siku nitasikia nguvu. Angoje mpaka lini? Nguvu haitanguliaka, inakujaka kisha miguu imekwisha kutoka. Ndiyo sababu haifai kuuliza mgonjwa wa namna hiyo «unapenda twende?» Hatapenda. Inafaa kuwe na siku inayojulikana, saa inayojulikana, fasi ya karibu isiyoomba pesa nyingi, na mtu mmoja anayekungoja.

Sasa nafika Lubumbashi.

Nilishuka Luano na begi mbili. Mlango wa ndege ulipofunguliwa, jua likanipiga mu uso, nikasema moyoni: ile kitu imebaki Bulaya. Hapa kwetu, hata mwezi wa sita ambapo siku ni fupi, tunapata zaidi ya masaa 11 ya mwanga. Nani atapata ugonjwa wa giza hapa?

Haikupita miezi mitatu, nikawa nalala masaa 12.

Si ugonjwa ule wa Desemba, hapana, jua lilikuwa palepale juu ya bati. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya rido. Mnajua sababu, juu ninyi pia mlipita mulemule. Ukitoka ku barabara, wa kwanza anakuuliza: «Yaya, ulituletea nini?» Wa pili anauliza utajenga wapi. Wa tatu haulizi, anaangalia viatu. Basi unaanza kwenda soko jioni, kisha unatuma mtoto aende soko, kisha hata ku kanisa unapenda misa ya kwanza yenye watu wachache. Mwili ule ule, kitanda kile kile, mkate ule ule. Tena nikaona kwamba hii yetu ni mbaya kuliko ya Bulaya kwa jambo moja: ile inaisha mwezi wa ine yenyewe, hata usipofanya kitu. Haya ya kurudi mikono mitupu haina mwezi wa kuisha.

Kuna yaya mmoja wetu, amenipa ruhusa niseme habari yake bila kutaja jina. Alirudi na ule mpango wa kurudi kwa hiari, akakaa kwa mdogo wake Katuba. Miezi 8 hakutoka mu parcelle mchana. Tulienda kumsalimia na sukari na mchele, akapokea kwa adabu zote, akafunga mlango. Na pesa yetu ya wagonjwa ilikuwapo! Lakini tungelipa nini? Hakuwa na karatasi ya hospitali, hakuwa na dawa ya kununua, hakuwa na homa. Ku kitabu cha chama yeye hakuwa mgonjwa.

Ndipo nikamkumbuka mama wa Bukavu. Nilienda siku ya posho asubui, nimevaa koti, nikakataa kiti. Siku ile alifika mpaka mwisho wa avenue, akarudi, nami nikarudi naye. Posho iliyofuata alifika ku barabara kubwa. Ilichukua karibu miezi miwili mpaka akapanda bisi na sisi. Sitaki mfikiri ni muujiza. Kazi bado hajapata, na kuna wiki nyingine anajifungia tena. Lakini sasa tunajua ni wiki, si mwaka, na kuna watu wanne wanaojua kugonga mlango wake. Tena yeye njo anatuonyesha njia, juu kazi yake ya zamani ilimtembeza muji wote. Anajua kila avenue yenye mijakaranda, na mwezi wa tisa ikianza kutoa maua ya zambarau atatupitisha. Amekwisha kutuahidi, mimi nitamkumbusha.

Ndugu, tuseme ukweli juu ya chama chetu. Tunakutana wapi? Ku kilio. Tunachanga vizuri, tunakaa usiku na wafiwa, tunazika, tunaandika ripoti. Hiyo ni heshima yetu na isiguswe. Lakini kama mtu anatuona paka siku ya kilio, siku nyingine zote anakaa peke yake na mawazo. Yule rafiki aliyeandika barua aliuliza swali zuri. Jibu langu kwake: hiyo pesa iko tayari mu fungu la wagonjwa, ila inatangulia kufika kabla ya karatasi ya hospitali.

Sasa wapi tunaenda? Watu wanafikiri kutembea kwa furaha ni kwenda maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, na gari na vyakula. Ni fasi nzuri sana, Mungu akipenda siku moja tutafika. Lakini fasi ya mbali unaendaka mara moja mu maisha, na moyo unahitaji kila wiki.

Nitawapa mfano wa musée yetu. Siku moja kule Tervuren, mama wa Bukavu aliniingiza mu jumba la makumbusho la Afrika. Nikaona misalaba ya shaba, ile handa ambayo babu zetu wa Katanga walikuwa wanafanyia biashara na kulipia mali ya bibi arusi. Nilisimama pale machozi yanatoka, nikasema: wametubebea mpaka hii. Nimerudi hapa, ninaingia ku Musée ya taifa ya Lubumbashi na kikundi chetu, na nakuta handa zimelala mu kioo, na vyungu vilivyochimbuliwa Sanga, ku ziwa Kisale, vya watu waliokaa pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Zilikuwapo siku zote! Nilizaliwa mu muji huu, nilisoma hapa, nilipita mbele ya ule mlango mara hesabu haina, nilihitaji kupanda ndege na tramu ili nijue. Mtoto mmoja wa kikundi alimwuliza baba yake: «Papa, mutu anabebaka ile musalaba ya nini, iko nzito?» Na yule baba, ambaye tangu arudi hakuwa anaongea sana, alisimama akaeleza shaba, moto, mchanga wa mfinyanzi, karibu nusu saa. Tulimwacha. Alikuwa fundi wa chuma kumbe, nani alijua?

Zoo ni ya watoto, na siku ya Mungu kunajaa. Sisi tunaenda posho asubui. Bomba kubwa la kiwanda na ule mlima mweusi wa taka za shaba tunauona toka mbali kila siku bila kuuangalia. Lakini tulipotembea mpaka fasi unauona vizuri, wazee wetu walianza: baba yangu alifanya kazi pale, mjomba wangu alikaa mu kambi ile. Shaba ya kwanza ilitoka pale mwaka 1911, muji wenyewe ulikuwa na mwaka mmoja tu. Kwenda ku stade ya Kamalondo siku Mazembe inacheza na Lupopo, hiyo siiingizi mu matembezi ya kupumzisha moyo. Mume wangu alirudi mgonjwa kuliko vile alienda.

Mambo machache ya kufuata sasa hivi mu mashika. Tutoke asubui, jua likiwa bado jipya: mwanga ule njo unarekebisha saa ya mwili, na vumbi na moshi wa majani yanayochomwa bado hazijapanda. Wenye kifua kibaya wafunge kitambaa ku pua, na siku moshi ni mwingi wabaki. Wazee wavae soksi, tusione haya. Na nawaomba sana, hili si la matembezi lakini sitashuka bila kulisema: usiingize mbabula ya makala mu chumba cha kulala na kufunga dirisha. Hewa ya makala inayoua haina harufu, haina moshi, inakuchukua mu usingizi. Ote moto nje, kisha uzime mbabula na kuiacha nje.

Kwa watoto wetu na ndugu waliobaki Bulaya, wanaosoma hii karatasi ku simu: kwenu sasa ni jua, mnatucheka na makoti yetu. Lakini mwezi wa kumi unakuja. Msingoje kuanguka. Tafuteni sasa mtu wa kutembea naye na siku ya kutembea. Mchana, saa ya kula, tokeni nje hata kama mawingu yamefunga. Na sisi wa ngozi nyeusi, kule jua haba halitutoshi kwa vitamini D, muulize daktari akupime. Ila usifikiri kidonge hicho kitaondoa huzuni, hiyo ni ya mifupa zaidi.

Na kuna huzuni ambayo matembezi hayaiwezi. Mtu akipitisha wiki mbili halali au halali vizuri, hali, analia, na zaidi kama anaanza kusema afadhali nisiwepo, huyo tusimpeleke zoo. Tumpeleke kwa daktari siku ileile, tukae naye, tusimwache peke yake. Maombi mazuri, mimi mwenyewe naomba, lakini twende na maombi mpaka kwa daktari. Hapo pesa ya wagonjwa itumike, na mtunza-feza asiulize karatasi kwanza.

Basi, ombi langu ku mkutano ni hili: mstari ubaki, na ubaki na jina lake, matembezi. Mwenye kupinga asimame aseme, tusikilizane.

Posho hii tunaenda musée tena, juu wengi hawakufika mara ya kwanza. Tunakutana saa mbili ya asubui hapahapa ku mlango wa parokia, tunaenda na miguu. Nani ana karanga alete karanga, nani hana alete kinywa. Mama Katuba wa avenue ya chini, nimekuona umejificha nyuma ya nguzo. Nitapita kwako saa moja na nusu. Usiniwekee kiti.